Boti ya Plaiwudi Huanza Kuoza Ukingoni

Ukikuta boti ndogo ya plaiwudi iliyochakaa ufukweni, usiitazame usoni. Tazama kingo zake. Uso mara nyingi bado ni mzima, umepauka rangi tu, lakini pale ubao ulipokatwa kwa msumeno, pale skrubu ilipopita, pale kitako kinapokutana na ubavu, tabaka zimeachana kama kurasa za daftari lililolowa. Ukingoni ndiko vinyweleo vya mti vilikokatwa vikaachwa wazi, na maji hupanda humo haraka kuliko yanavyopenya usoni. Ndiyo maana karibu kila kifaa cha kazi hii kipo kwa ajili ya ukingo: kuuchora, kuukata bila kuuchana, kuuunga, na mwisho kuufunga usinywe maji tena.

Tuchukue boti moja ili vipimo viwe na maana. Urefu mita 3.6, kitako bapa, omo (mbele) yenye ncha, tezi (nyuma) iliyofungwa kwa ubao wima, upana wa kitako sentimita 100 pale palipo papana zaidi, mbavu, yaani pande zake mbili, za kimo cha sentimita 40. Inabeba watu wawili au watatu kwenye ghuba, mto au ziwa lililotulia. Inahitaji plaiwudi mbili za milimita 6 kwa mbavu na mbili za milimita 9 kwa kitako, ubao wa tezi na viti. Ikijengwa kwa plaiwudi nyepesi hufika kilo 40 hadi 50, na watu wawili wanaibeba.

Njia ni ya kushona mbao kwa waya kisha kuzigandisha kwa epoksi, gundi ya resini inayoganda ikichanganywa na kigandishi chake. Ilienea sana kutokana na boti ya Mirror ya Uingereza, iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili mtu asiye seremala aijenge nyumbani. Kwa watu wa pwani wazo la kushona ubao si geni: mtepe, chombo cha kale cha matanga, ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari wa chuma. Tofauti ni kwamba kwenye mtepe kamba ndiyo iliyoshika chombo siku zote, na hapa waya unashika kwa siku moja au mbili tu, kisha unatolewa na kazi inabaki kwa epoksi na kitambaa cha faiba.

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Ukiomba "marine", yaani plaiwudi ya boti, kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, utaletewa ubao wenye ngozi ya kahawia inayong'aa, ule wa kumwagia zege. Ubao huo haukutengenezwa kwa boti. Ile ngozi haishiki epoksi mpaka uisugue yote, ndani mara nyingi mna mapengo, na ni mzito. Plaiwudi halisi ya boti hugongwa muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza: tabaka za ndani hazina mapengo na gundi yake inahimili maji ya moto. Nyingi hutengenezwa kwa mti wa okoume wa Gabon, mwepesi na laini kupinda, ingawa wenyewe hauhimili kuoza.

Usipoipata, unaweza kutumia plaiwudi ya kawaida yenye gundi nzuri, ila uijaribu kwanza. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kichemshe kwa muda wa saa nne, kikaushe kabisa, kisha kichemshe tena kwa muda huo huo. Kikiachana au kikitoa malengelenge, usinunue hata mmoja. Kikivumilia, kivunje kwa mkono: mti ndio uchanike, gundi isiachie. Halafu zunguka kingo zote nne za kila ubao. Tundu linaloonekana ukingoni ni mlango wa handaki linaloingia ndani. Gonga uso kwa sarafu kila baada ya shubiri moja. Penye pengo mlio hubadilika, unakuwa mkavu na mtupu. Hesabu na tabaka. Milimita 6 yenye tabaka tano hupinda kwa usawa, lakini yenye tatu, huku zile za nje zikiwa nyembamba kama karatasi, hupinda upande mmoja tu na msasa huitoboa. Mwisho pima unene mwenyewe, kwa sababu ubao unaouzwa kama milimita 6 mara nyingi ni pungufu.

Mbao za mkanda wa juu, unaofuata ukingo wa juu wa mbavu, na za chini ya kitako ziwe kavu. Msonobari wa mashambani huuzwa ukiwa bado na maji, na epoksi juu ya mbao mbichi haishiki. Chukua kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni ya moto mdogo mpaka uzito uache kushuka, kisha gawa uzito uliopotea kwa uzito mkavu. Ikizidi asilimia 15, panga mbao kivulini zikitenganishwa na vijiti, uzisubiri. Mvule unafaa sana kwa mkanda. Mtiki una mafuta, hivyo ufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi.

Vifaa si vingi. Msumeno wa mkono wa meno madogo, jigso, drili na biti ya milimita 2, randa fupi, patasi moja pana, skwea, tepu, koleo, klampu kadiri utakavyozipata, mizani ya kupima gramu, msasa namba 80 na 120, glavu nyingi. Kati ya hivyo vyote, tumia fedha na muda kwenye randa. Gundi iliyo ndani ya plaiwudi hula makali vibaya. Ukiona randa inatoa vumbi badala ya nyuzi zinazojikunja, au inachana tabaka za kati, makali yameshakwisha, na ukiendelea kusukuma utaharibu ukingo ambao hautauona tena mpaka uvuje. Jiwe la kunolea likae mezani pembeni yako, na noa kabla hujaona haja.

Kuunga ndiyo sehemu ya kwenda polepole. Ubao mmoja una milimita 2440, boti ina zaidi ya hapo, basi lazima mbili ziungwe kichwa kwa kichwa. Wengi huweka kiraka cha plaiwudi nyuma ya kiungo. Kinashika, lakini pale penye kiraka ubao hukataa kupinda na mbavu hupata bega linaloonekana kwa mbali. Mshazari, yaani kuranda mwisho wa kila ubao uwe mteremko na kulaza mteremko mmoja juu ya mwingine, ni bora. Kanuni ni unene mara nane: milimita 6 hutaka mshazari wa milimita 48, milimita 9 hutaka 72.

Panga mbao zote za unene mmoja juu ya meza iliyonyooka, moja juu ya nyingine, kila wa juu ukirudi nyuma milimita 48 (au 72 kwa zile za milimita 9), zikawa kama ngazi. Ukingo wa ubao wa chini ulingane na ukingo wa meza, la sivyo ncha yake itavunjika. Bana ngazi yote kwa klampu na ubao mnyoofu juu. Sasa piga randa kukata pembe za ngazi mpaka ziwe mteremko mmoja. Plaiwudi yenyewe itakuambia umefika wapi. Kadiri unavyoranda, mistari ya gundi hutokea usoni kwenye mteremko, mmoja mweusi, nafasi ya mti, mwingine mweusi. Mistari ikinyooka na kwenda sambamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, mteremko ni bapa. Ukipinda kama mto, pale ulipojikunja pana kilima au bonde, na hapo ndipo randa iende, au isiende. Simama ncha ya kila ubao inapokuwa nyembamba kama unyoya. Ukipiga mara mbili zaidi unapoteza urefu, na ncha inakuwa na meno.

Kabla ya kuunganisha, paka epoksi nyepesi kwenye nyuso zote mbili za mshazari, usubiri robo saa. Nyuzi zilizokatwa zitakunywa na uso utaonekana mkavu tena. Paka sehemu zilizokauka. Kisha ndipo iende epoksi iliyokolezwa kwa unga laini wa mbao, nzito kama siagi ya karanga. Ukiruka hatua ya kwanza, mti utanyonya gundi kutoka kwenye kiungo chenyewe na utabaki na mshono wenye njaa. Weka nailoni chini na juu, pigilia misumari miwili myembamba kila upande mbao zisiteleze, kisha lazia ubao mnyoofu na matofali. Usibane kwa nguvu zote. Epoksi, tofauti na gundi nyeupe ya seremala, inataka ibaki unene kidogo katikati. Iache siku nzima.

Kuchora ni rahisi ukiwa na ufito mzuri. Weka alama kila sentimita 30 kwa vipimo vya mchoro, pigilia msumari mwembamba kwenye kila alama, kisha pinda juu yake ufito wa msonobari wa milimita 20 kwa 10 usio na kifundo, mrefu kuliko boti. Piga magoti mwisho wa ubao, funga jicho moja, tazama urefu wote. Msumari unaosukuma ufito nje utauona mara moja. Kama namba na ufito vinapishana milimita mbili au tatu, toa msumari na ufuate ufito, kwa sababu jicho la mtu ufukweni litafuata mstari huo huo.

Kata mbavu mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, zimebanwa au kuunganishwa kwa skrubu kwenye sehemu itakayotupwa. Jigso hukata ikipanda, hivyo huchana uso wa juu: weka upande mzuri chini, tumia bleti ya meno madogo, na pita milimita moja au mbili nje ya mstari. Zilizobaki malizia kwa randa, mbao zote mbili zikiwa bado zimebanwa. Mbavu zisizolingana kwa milimita 4 hutoa boti inayokwenda upande, na hakuna kasia linalotibu hilo.

Kwa kushona, toboa matundu ya milimita 2, kila sentimita 15, milimita 10 kutoka ukingoni. Karibu na omo, ubao unapojisokota, yawe kila sentimita 7 au 8. Waya bora ni wa shaba nyekundu kutoka kwenye kebo ya umeme ya 1.5, ile ya uzi mmoja, ukivuliwa ngozi na kukatwa vipande vya sentimita 10. Anza kwa kushona mbavu mbili kwenye omo, zitanue kwa kiunzi cha muda katikati, shona ubao wa tezi, kisha geuza na ulaze kitako juu. Mafundo yote yawe nje. Kosa la kawaida ni kuvuta ubao kwa kusokota waya. Waya hukata plaiwudi na tundu linakuwa ufa. Sukuma ubao kwa mkono au kwa mpini wa bisibisi mpaka ukae, halafu koleo lichukue ulegevu tu. Kona za ndani za mbao mbili zigusane. Nje ibaki V ndogo ya kujazwa. Ukingo mmoja usipande juu ya mwingine.

Kabla ya tone lolote la epoksi, tafuta msokoto. Funga uzi kutoka katikati ya omo hadi katikati ya tezi na uhakikishe unapita katikati ya kiunzi. Pima kutoka ncha ya omo hadi kona ya kulia ya tezi, kisha ya kushoto, vipimo visipishane zaidi ya milimita 5. Halafu laza vijiti viwili vilivyonyooka juu ya mbavu, kimoja karibu na omo na kimoja karibu na tezi, uvitazame kwa pamoja ukiwa umechutama. Visipokuwa sambamba, boti imejisokota. Sasa hivi inanyooka kwa kuweka kabari chini ya kona moja na tofali kwenye nyingine. Ikishagandishwa, itabaki hivyo maisha yake yote.

Epoksi inataka utii. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na angalia kama ni kwa ujazo au kwa uzito, maana si sawa. Usiongeze hadina, yaani kigandishi, ili igande haraka: ile ya ziada haina cha kuungana nacho na mchanganyiko unabaki laini daima. Changanya dakika mbili kamili huku ukikwangua pande na kitako cha kikombe. Kwenye joto la nyuzi 30, changanya gramu 150 hadi 200 tu kwa mara moja, kisha mimina mara moja kwenye sinia pana. Epoksi ikikaa imerundikana kwenye kikombe hujipasha yenyewe. Kwanza kikombe kinakuwa vuguvugu mkononi, kisha kinalainika, kisha moshi. Kikianza kuchoma vidole kiweke nje chini, mbali na vumbi la mbao na nailoni. Vaa glavu kila mara, na ikigusa ngozi tumia siki kisha sabuni, wala si asetoni, ambayo huipenyeza ndani. Mzio wa epoksi ukishakupata hauondoki, na mafundi wazuri wameacha kazi kwa sababu yake.

Kuna wanaotumia resini ya poliesta ya mafundi faiba kwa sababu ni rahisi kupatikana na bei yake ni ndogo. Kwenye ganda la faiba tupu ni sawa. Juu ya mbao hushika vibaya, na unyevu ukifika kwenye mpaka wa mbao na resini, inabanduka kama gamba. Pia usichukue ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa ukautumia na epoksi. Gundi inayoshika nyuzi zake imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, na kwenye epoksi haiyeyuki vizuri, hivyo mkeka unabaki mgumu, hauingii kwenye kona. Nunua faiba iliyofumwa, mkanda wa upana wa milimita 75, mita 25 hivi.

Gandisha kwanza vidonge vya epoksi nzito katikati ya waya na waya, uache usiku kucha, kisha toa waya zote. Ulionata upashe moto sekunde chache kwa chuma cha kulehemu cha fundi redio, utatoka. Sasa jaza kona za ndani. Paka epoksi nyepesi, kisha changanya nyingine na unga wa mbao, ule laini wa mashine ya msasa, si maranda wala vumbi la msumeno. Iwe nzito kiasi cha kusimama kwenye mwiko bila kudondoka. Mimina kwenye mfuko wa nailoni, kata ncha, kamua kwenye kona kama fundi keki, halafu pitisha mwiko wenye kichwa cha mviringo wa nusu kipenyo milimita 20. Mchanganyiko unaotoka pembeni ukwangue ungali laini. Ukigandia hapo utausugua siku nzima, kwenye kona ambayo mashine haifiki. Laza mkanda wa faiba jazo likiwa bado halijakauka kabisa, uukandamize kwa brashi mpaka ubadilike kutoka mweupe na kuwa kama maji. Doa jeupe ni hewa. Likitokea, ligongegonge kwa ncha ya brashi.

Boti hii hula karibu kilo 7 za epoksi. Nusu ni ya kupaka: eneo la ndani na nje ni kama mita za mraba 11, mikono mitatu (yaani kupaka mara tatu), gramu 100 hivi kwa mita ya mraba kila mkono. Majazo ya kona huchukua lita moja, na zinazobaki ni za mkanda, mishazari na upotevu.

Saa ya kupaka ni muhimu kuliko brashi. Asubuhi, jua likipanda, hewa iliyo ndani ya mti hutanuka na kutoka ikipitia kwenye epoksi mbichi, inaacha vipele vyenye tundu katikati. Kila tundu ni njia ya maji. Anza saa kumi alasiri, joto linaposhuka, mti ukivuta ndani badala ya kupumua nje. Lakini uwe chini ya paa, maana umande ukianguka juu yake asubuhi utakuta utando unaoteleza kama sabuni. Utando huo haupigwi msasa. Msasa huueneza tu. Osha kwa maji na sponji ngumu, kausha, ndipo usugue. Kingo zilizo wazi, za viti, za ubao wa tezi na za juu ya mbavu, zipewe mikono mitatu kabla ya kufunikwa na kitu chochote, ukizirudia kila zinapokauka kwa kunywa.

Viti vya omo na tezi vifanye masanduku yaliyofungwa. Kila lita ya hewa iliyofungwa hunyanyua karibu kilo moja, hivyo masanduku mawili ya lita 80 yatashika boti iliyojaa maji pamoja na watu wanaoning'inia. Weka kifuniko cha kufungua kwenye kila sanduku, na ukiegesha juani kiache wazi. Hewa ikipata moto ndani husukuma mishono.

Kila skrubu ni ukingo mpya. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi nzito, liache likauke, kisha toboa tena katikati kwa biti ndogo. Skrubu itashika epoksi na haitaugusa mti. Fanya hivyo kwa vishikio vya makasia, kwa pete ya kamba, na zaidi ya vyote kwa tundu la kutolea maji, ambalo hukaa na maji hata boti ikiwa nchi kavu.

Rangi si urembo. Jua hula epoksi, inakuwa njano kisha unga, kwa hiyo lazima ifunikwe. Rangi za mafuta za kawaida wakati mwingine hukataa kukauka juu ya epoksi mpya. Iache wiki moja au mbili, osha, sugua, na jaribu sehemu ndogo kwanza.

Baada ya mwezi mmoja majini, igeuze. Pitisha ukucha kwenye tundu la maji, chini ya tezi, na pale kitako kinapokwaruza mchanga. Rangi iliyovimba au doa jeusi linaloonekana chini ya epoksi maana yake maji yameshaingia. Usipake juu yake. Kwangua mpaka ufikie mti wenye rangi yake, kausha kivulini siku kadhaa hadi kijipande unachokikwangua hapo, ukikikausha, kisipungue uzito tena, kisha anza upya: epoksi nyepesi, subiri, nyepesi tena, ndipo nzito.